Chama chetu kimegawanyika juu ya hisa za unga wa betri: tuongeze au tuuze?

SWALI

Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha watu 14 hapa Kisauni. Tunachanga shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi. Amsons walipoichukua Bamburi Cement mwisho wa 2024 kwa shilingi 65 kwa hisa, tulilipwa milioni 1.3 kwa hisa zetu 20,000. Hatukutaka fedha zilale. Tukazipeleka katika kampuni moja iliyoandikishwa soko la Nasdaq, Marekani, inayotengeneza unga wa silikoni na kaboni wa kuwekwa kwenye anodi (upande hasi) za betri za magari. Tulinunua hisa 2,600 kwa wastani wa dola 3.85. Leo hisa moja ni dola 1.38.

Haya nimeyanakili kwenye ripoti yake ya mwisho. Fedha mkononi ni dola milioni 41. Uendeshaji unakula milioni 9.5 kila robo mwaka. Kiwanda kipya cha tani 2,000 kwa mwaka kinakula milioni 6 kwa robo, na bado kinahitaji milioni 48 kumalizika. Kuna deni la milioni 45 la hati zinazoweza kugeuzwa hisa. Mauzo ya robo hiyo ni dola 600,000, yote ya sampuli, na riba ya benki 400,000. Hisa zote ni milioni 96. Tuliponunua zilikuwa milioni 71. Wenyewe wanasema kiwanda kikisimama watauza kilo kwa dola 30 na kubaki na faida ghafi ya asilimia 25.

Sasa chama kina kambi tatu. Mwenyekiti, mzee aliyestaafu bandarini, anasema kampuni imeshatia sahihi hati ya maelewano na mtengenezaji mkubwa wa magari, kwa hiyo tuongeze shilingi 300,000 tupunguze wastani wa bei. Kijana wetu mmoja fundi wa umeme anasema silikoni hubeba umeme mara kumi ya grafaiti, sayansi ni ya kweli, tukae tusubiri. Kambi ya tatu inataka tuuze zote kabla kampuni haijaunganisha hisa zake, nyingi kufanywa moja. Na mama mmoja kauliza kama hisa hizi bado ni halali, hakuna aliyemjibu.

Akaunti iko kwenye programu ya simu, kwa jina langu. Kikao ni Jumapili. Nishike lipi?

Mweka Hazina, Kisauni

JIBU

Ndugu Mweka Hazina, waalaykum salaam. Takwimu ulizonakili zinatosha kutoa jibu, na wengi wanaoniandikia kuhusu hisa za ng'ambo hawaleti hata nusu ya hizo. Jibu langu ni msiongeze hata shilingi, na mpunguze mlizonazo. Kambi zenu zote tatu zinabishania bei na sayansi. Kitakachoamua ni fedha za kampuni zitaisha lini, ukilinganisha na siku mnunuzi atakapoukubali unga.

Mlitoka kwenye saruji. Kampuni ya saruji ikipata mwaka mbaya bado inauza mifuko kila asubuhi, na mfuko wa leo unalipia makaa ya kesho. Hii mliyoingia haina mfuko wa kuuza. Inaishi kwa kuuza hisa zake yenyewe, na wanunuzi wa bidhaa hiyo ni watu kama nyinyi.

Tuanze na saa ya fedha. Uendeshaji 9.5 na kiwanda 6 ni milioni 15.5 kwa robo. Gawa 41 kwa 15.5, utapata robo mbili na zaidi kidogo ya nusu, yaani miezi minane. Lakini ripoti ya robo, fomu 10-Q, hutoka siku 40 hadi 45 baada ya robo kufungwa. Siku uliyoisoma, nusu ya robo iliyofuata ilikuwa imeshaliwa: toa milioni 7.75, zinabaki kama 33. Hapo miezi minane imekuwa sita na siku chache. Unapofanya hesabu hii tena, chunga mtego mmoja unaowanasa wengi. Taarifa ya mtiririko wa fedha ndani ya 10-Q hujumlisha tangu mwanzo wa mwaka, haionyeshi robo peke yake. Ili kupata matumizi ya robo ya pili lazima utoe yale ya robo ya kwanza. Usipotoa, utadhani kampuni imeongeza matumizi maradufu. Toa pia fedha zilizofungwa kama dhamana, maana huwa zimejumlishwa mle na haziwezi kulipa mshahara wa mtu.

Ripoti zote ziko bure kwenye hifadhi ya EDGAR ya mamlaka ya masoko ya Marekani. Andika jina la kampuni, fungua 10-Q, na ndani yake tafuta maneno yanayosema kuna shaka kubwa iwapo kampuni itaweza kuendelea na shughuli kwa miezi 12 ijayo. Sheria za uhasibu zinawalazimisha kuyaandika wakiona fedha hazifiki. Kwa takwimu zako nitashangaa yasipokuwemo.

Sasa kiwanda. Mwenyekiti anadhani kikisimama mambo yametengenea, basi tukipe kila kitu: kimejaa, kinauza tani zote 2,000, kwa dola 30 ile ile waliyoitaja wenyewe. Hiyo ni milioni 60 kwa mwaka. Faida ghafi ya asilimia 25 ni milioni 15. Uendeshaji wa sasa ni 9.5 mara nne, milioni 38 kwa mwaka. Hata ukisema nusu ya milioni hizo ni gharama za majaribio zitakazokoma, bado 15 haifiki 19. Kiwanda cha kwanza hakiilishi kampuni. Itabidi kiwe cha pili, na cha pili nacho kina gharama zake za kujenga.

Na fedha za kumaliza hiki cha kwanza zitatoka wapi? Kwa mwendo wa milioni 6 kwa robo, milioni 48 ni robo nane, yaani miaka miwili. Miaka miwili ya milioni 15.5 kwa robo ni milioni 124. Toa 41, pengo ni milioni 83. Kampuni ya namna hii ikiuza hisa mpya huziuza chini ya bei ya soko; chukua punguzo la asilimia 10, yaani dola 1.24. Zinahitajika hisa mpya milioni 67. Jumla inakuwa milioni 163, na aliyekuwa na kampuni nzima amebaki na asilimia 59. Mara nyingi wanunuzi wakubwa hudai pia waranti, yaani haki ya kununua hisa nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Ikiwa ni waranti moja kwa kila hisa mbili, ongeza milioni 33 nyingine, na sehemu yenu inashuka chini ya nusu.

Wapishi wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Nazi ni ile ile; ukizidi kutia maji unapata tui la pili, kisha la tatu, na bakuli linazidi kujaa huku ladha ikiondoka. Nyinyi mmeshazimuliwa mara moja: kutoka hisa milioni 71 hadi 96 mmepoteza robo ya umiliki wenu bila kuuza hata hisa moja. Ndiyo maana neno "ikirudi 3.85" lisiwadanganye. Mliponunua, kampuni nzima ilithaminiwa kama milioni 273. Leo ni milioni 132. Kwa hisa milioni 163, bei ya 3.85 inataka kampuni ithaminiwe milioni 628, zaidi ya mara mbili ya siku ile mlipoingia mkiwa na furaha.

Pendekezo la kupunguza wastani linaishia hapo hapo. Shilingi 300,000 kwa dola ya 129 ni dola 2,325, hisa 1,684. Mtakuwa na hisa 4,284 kwa wastani wa dola 2.88, na bei italazimika kupanda asilimia 109 ndipo mrudishe fedha zenu. Wastani wa kwenye daftari lenu soko haliujui.

Sasa tuje kwa kijana fundi. Hakukosea, ila ametaja nusu. Gramu ya grafaiti (ndugu zetu wa Tanzania huiita kinywe) hubeba hadi miliampia-saa 372. Silikoni hufika kama 3,600. Lakini silikoni ikijazwa lithiamu huvimba hadi karibu mara nne ya ujazo wake, na ikimaliza chaji hunywea tena. Grafaiti huvimba kama asilimia 10 tu. Chembe inayovimba na kunywea namna hiyo hupasuka. Kila ufa mpya ukikutana na elektroliti (majimaji ya ndani ya betri) hujenga utando mpya, na utando huo hutengenezwa kwa lithiamu iliyotakiwa kubeba umeme. Betri inajila yenyewe polepole.

Mpe kijana kikokotoo. Seli ya betri inayobakisha asilimia 99.9 ya uwezo wake kwa kila mzunguko wa kuchaji na kumaliza chaji inasikika nzuri sana. Zidisha 0.999 kwa yenyewe mara 1,000: inabaki asilimia 37. Watengenezaji wa magari kwa kawaida hutaka angalau 80 baada ya mizunguko 1,000, na hapo seli lazima ishike asilimia 99.98 kila mara. Tofauti ya tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo iliyowala watafiti miaka mingi. Dawa wanayoipendelea wengi sasa ni kutengeneza kaboni yenye vinyweleo, kisha kupitisha gesi ya sileni juu yake kwa joto ili silikoni itue ndani ya vinyweleo na ipate nafasi ya kuvimba. Sileni huwaka yenyewe ikigusa hewa. Kwa hiyo gharama ya kiwanda si tanuri peke yake. Ni mabomba, vali, vihisio vya uvujaji na mahali pa kuipata gesi yenyewe. Muulizane: kampuni yenu inanunua sileni kwa nani, na kwa mkataba wa miaka mingapi?

Mkisoma tangazo la "matokeo bora ya majaribio", tafuteni mambo mawili kabla ya kushangilia. La kwanza, seli ilikuwa ya namna gani. Wengi hujaribu unga kwenye seli ndogo ya kitufe ambayo upande wa pili una bamba la lithiamu tupu. Lithiamu humo haiishi, kwa hiyo ule upotevu niliousimulia hauonekani kabisa. Matokeo yenye maana ni ya seli kamili yenye katodi (upande chanya) ya kweli, yenye tabaka nyingi, ya ukubwa wa kuingia kwenye gari. La pili, silikoni ilikuwa asilimia ngapi ya anodi. Kuchanganya asilimia 5 kwenye grafaiti viwanda vingi vimeshaweza. Zaidi ya hapo ndipo pesa ilipo, na ndipo uvimbe ulipo.

Bei nayo ipimeni kwa uwezo, msiipime kwa kilo. Unga unaobeba miliampia-saa 1,800 kwa gramu hufanya kazi ya grafaiti ya kawaida, inayobeba kama 355, mara tano. Maana yake dola 30 kwa kilo ni sawa na kununua grafaiti kwa dola 6. Huko inakutana na Uchina, inayotengeneza zaidi ya asilimia 90 ya malighafi ya anodi duniani na isiyo na haraka ya kupata faida. Kuna watakaowaambia ushuru wa Marekani utaikinga kampuni yenu. Ushuru wa awali wa asilimia 93.5 uliotangazwa huko Julai 2025 ulilenga grafaiti ya anodi kutoka Uchina. Nao ule unafuu wa kodi wa dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme uliondolewa 30 Septemba 2025. Mkono mmoja umetoa, mwingine umechukua.

Hati ya maelewano. Mzee wetu wa bandarini ajiulize kama angelitoa kasha getini kwa barua inayosema mteja "ana nia ya kulipia". Hati ya maelewano ni barua hiyo. Kinachotafutwa ni mkataba wa ununuzi wenye kiasi, bei, na kifungu cha kuchukua mali au kuilipia, usio na sharti la "endapo sampuli zitapita". Sharti hilo ndilo lenye uzito wote, na halipiti haraka hata ukiwa na fedha. Sampuli A huonyesha kwamba wazo linafanya kazi. B huwa ya muundo uliokaribia wa mwisho. C hutoka kwenye mitambo ile ile itakayozalisha kwa wingi. Kila hatua ina majaribio ambayo saa haiwezi kusukumwa: kuchaji saa 3 na kumaliza chaji saa 3 ni saa 6 kwa mzunguko, mizunguko minne kwa siku, na mizunguko 1,000 ni siku 250. Hapo bado seli za kuwekwa rafuni miezi kadhaa bila kutumika, kuona zinazeekaje, jaribio ambalo silikoni huliogopa kuliko yote. Na kiwanda kipya kikisimama, unga wake huanza kupimwa upya, hata kama ule wa maabara ulishapita. Kampuni yenu ina fedha za miezi sita na kiwanda kisichokwisha. Pangeni kalenda hizo mbili sambamba.

Haya yameshatokea mbele ya macho ya wenye hisa wadogo. REC Silicon, iliyoandikishwa Oslo, ilifufua kiwanda chake cha Moses Lake katika jimbo la Washington, ikiwa na mnunuzi tayari. Mwisho wa Desemba 2024 silikoni yake ikashindwa jaribio la mwisho la usafi, na uzalishaji huo ukafungwa. Karibu na sisi, Syrah Resources huchimba kinywe Balama, Cabo Delgado, Msumbiji, na kukisafisha katika kiwanda chake cha Vidalia, Louisiana. Desemba 2021 ilitia sahihi mkataba na Tesla wa tani 8,000 kwa mwaka. Mwaka 2025 Tesla ikaipa notisi kwamba sampuli hazijakidhi masharti, na tarehe ya kurekebisha ikawa inasogezwa. Huo ulikuwa mkataba kamili, sembuse hati ya maelewano.

Kuna mkasa wa GT Advanced Technologies pia. Novemba 2013 Apple ilikubali kuitangulizia dola milioni 578 kwa awamu ili izalishe yakuti samawi ya vioo vya simu huko Arizona. Mkataba haukuilazimisha Apple kununua hata kipande. Ubora ukasumbua, awamu ya mwisho ya milioni 139 ikazuiwa, na 6 Oktoba 2014 GT ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Na Wolfspeed, kampuni ya Marekani ya chipu, ni jibu kwa kijana anayesema sayansi ya kweli inatosha: silikoni kabaidi yake inafanya kazi na imo kwenye magari. Deni ndilo lililoishinda. Ilipotoka mahakamani Septemba 2025, wenye hisa wa zamani wote kwa pamoja walibakishiwa kati ya asilimia 3 na 5. Nanyi mnalo deni la milioni 45 lililokaa mbele yenu kwenye foleni.

Mama aliyeuliza halali kauliza swali zuri kuliko yote ya kikao, na linajibika kwa hesabu. Kipimo cha AAOIFI, taasisi ya viwango vya fedha za Kiislamu iliyoko Bahrain, kinataka deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba zisizidi asilimia 30 vilevile, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote. Mliponunua, 45 kwa 273 ilikuwa asilimia 16, ikapita. Leo 45 kwa 132 ni 34. Deni halikuongezeka, bei ndiyo iliyoanguka. Fedha milioni 41, kama zote ziko kwenye amana za riba, ni asilimia 31. Na mapato ndiyo kasheshe: mauzo 600,000, riba 400,000, kwa hiyo riba ni asilimia 40 ya mapato. Kampuni nyingi zisizoanza kuuza huangukia hapa, na programu za simu zinazoonyesha alama ya kijani ya "halali" huwa zimesoma ripoti ya zamani. Mchukulieni shehe wenu takwimu hizi mumsikilize; fatwa ni yake, kugawanya ndiko kwangu.

Cha kufanya. Bakini na kiasi ambacho kikipotea chote mtakuwa mmepoteza michango ya miezi miwili, shilingi 140,000. Hiyo ni kama hisa 780. Uzeni 1,820, mtapata takriban dola 2,510, yaani kama shilingi 324,000 kabla ya makato ya wakala na ya kubadilisha fedha. Kama shehe atasema hapana, uzeni zote.

Soko la New York hufunguliwa saa kumi na nusu jioni ya kwetu wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi. Nusu saa ya kwanza iacheni ipite, bei za hisa ndogo huruka sana. Wekeni oda ya bei maalum, msiweke oda ya kuuza kwa bei yoyote itakayopatikana. Gawanyeni mara mbili au tatu. Na kukitoka habari nzuri ghafla bei ikaruka, uzeni siku hiyo hiyo. Kampuni yenye njaa hutumia mruko huo huo kuuza hisa mpya, mara nyingi usiku baada ya soko kufungwa. Kwenye EDGAR mtaiona kama fomu 424B5. Fomu S-3, ya kusajili hisa za kuuzwa baadaye, ikitangulia, mjue bunduki imeshajazwa. Jambo jingine: thamani ya hisa zilizo mikononi mwa umma ikishuka chini ya dola milioni 75, kampuni inayotumia S-3 haiwezi kuuza zaidi ya theluthi ya thamani hiyo kwa miezi 12. Uongozi wenu unalijua hilo, na unayo sababu ya kuuza mapema.

Zile 780 mtakazobakiza zitizameni mara moja kwa robo, siku 10-Q inapotoka. Fedha zikiwa chini ya robo mbili na hakuna mkataba usio na masharti, ondokeni. Sampuli C ikipita kwa jina la mteja aliyetajwa, na kiwanda kikapata fedha bila hisa kuongezeka kwa zaidi ya theluthi, basi kaeni, na hapo ndipo mtaweza kujadili kuongeza kwa bei ya juu kuliko ya leo. Kununua ghali kitu kilichothibitika hakunisumbui.

Kuunganisha hisa kwenyewe hakuli fedha: 2,600 zikiunganishwa ishirini kwa moja mtakuwa na 130 kwa bei mara ishirini. Kampuni huunganisha ili isiondolewe sokoni: Nasdaq hutoa notisi hisa ikifungwa chini ya dola 1 siku 30 za kazi mfululizo, kisha hutoa siku 180 za kujirekebisha. Kambi ya tatu inaogopa dalili. Ugonjwa ni ule wa hisa mpya zinazofuata baada ya bei kuonekana kubwa tena.

Yamebaki mawili ya programu yako. Hakikisha kwanza kwamba mna hisa. Programu nyingi huuza mkataba wa tofauti ya bei, yaani unabahatisha bei bila kumiliki chochote. Tazama taarifa ya akaunti: ukiona makato ya kila usiku, au nafasi ya kukuza dau mara tano au kumi, au hakuna jina la mtunzaji wa hisa, hizo si hisa. Fungeni nafasi hiyo yote siku inayofuata soko likiwa wazi, maana makato ya usiku hayana Idi wala Krismasi.

La pili ni jina lako. Mbele ya wakala, na mbele ya sheria, hisa 2,600 ni zako wewe. Mungu akuweke, lakini ukiondoka kesho zitahesabiwa kwenye mirathi yako, na Mahakama ya Kadhi itawagawia watoto wako mali ya watu 14. Kabla ya Jumapili mwombe wakili mmoja mjini awaandikie tamko la ukurasa mmoja: unazishika kwa niaba ya chama, hawa ndio wanachama na nambari za vitambulisho vyao, hili ndilo fungu la kila mmoja. Wote 14 watie sahihi mbele yake. Nakala moja ikae kwa katibu, moja kwa wakili, na moja umkabidhi mumeo au mkeo, umweleze ni ya nini.